Je, Wajua? Nyota, Reli na Tarakimu 60

Sogea hapa kwenye benchi, mwenzangu, nafasi ipo. Simu yako usiirudishe mfukoni, leo tutaihitaji. Nina mambo ya kitochi, ya mita ya LUKU, ya soketi ukutani na ya vishikwambi vilivyoingia vijiji vya kwetu, na tangu asubuhi natafuta wa kumwambia!

Je, wajua kwamba alama hii, #, Wamarekani wanaiita kwa jina la kipimo cha uzito, ratili? Sisi tuliitazama mara moja tu, tukaona vyuma vimelazwa juu ya mataruma, tukaiita reli. Niambie wewe, nani aliona vizuri?

Na kama kuna watu wenye haki ya kuiita reli, ni wa Korogwe. Reli ya kwanza ya nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikaingia Korogwe mwaka 1902. Kilomita 84 kwa miaka 9! Leo wewe unafika kwenye reli kwa kidole gumba kabla hujashusha pumzi.

Shika hii: simu za vitufe za kwanza hazikuwa na nyota wala reli. Zilipoingia kazini Marekani tarehe 18 Novemba 1963 zilikuwa na vitufe 10 tu, na hivyo viwili viliongezwa mwaka 1968. Bila hivyo, wakala wa Chanika angefungua vipi menyu yake?

Huyohuyo wakala, umewahi kumtazama vizuri? Mkono huu simu, mkono ule kalkuleta, na namba zake zimepangwa kinyume! Kwenye simu 1, 2, 3 ziko juu. Kwenye kalkuleta juu kuna 7, 8, 9. Ziweke zote mbili mbele yako, nakusubiri. Mtu anayebadilisha kutoka hii kwenda ile mara mia kwa siku bila kukosea fedha ya mteja, mimi namvulia kofia.

Mpangilio wa simu haukubahatishwa. Maabara ya Bell ya Marekani iliwapa watu wa kawaida vitufe vilivyopangwa kwa namna nyingi, hata kwa duara, ikapima kasi yao na makosa yao, na matokeo yakachapishwa mwaka 1960. Kidole chako pale Mkata kinapita njia iliyopimwa zaidi ya miaka 60 iliyopita.

Sasa fumba macho. Papasa kitufe cha 5 kwenye kitochi. Umekipata kinundu? Kipo hapo ili asiyeona ajue katikati ni wapi, na ukishajua katikati, namba nyingine zote umezijua. Umeme ukikatika usiku, wenye macho nao tunakishukuru.

Je, wajua kuandika "Handeni" kwenye kitochi ni mibonyezo 13? Na "Korogwe" ni 15! Herufi o peke yake inataka mibonyezo mitatu, na Korogwe inazo mbili. Hesabu mwenyewe kama huniamini.

Mombo ni mibonyezo 10 tu, lakini inakwaza. Herufi m na o zinakaa kitufe kimoja, cha 6, kwa hiyo lazima usimame mara mbili kungoja mshale usogee. Korogwe, pamoja na urefu wake wote, haina kusimama hata mara moja. Wenye mteremko kabisa ni watu wa Mkata: mibonyezo 6, umemaliza.

Hii ndiyo niliyoipenda kuliko zote za vitufe. "Hela" ni mibonyezo 8. "Pesa" nayo ni mibonyezo 8! Moja imetoka kwa Wajerumani na sarafu yao ya heller, 100 kwa rupia moja. Nyingine imetoka India, kwenye paisa. Zimesafiri kutoka pande mbili za dunia, zikakutana kwenye kitochi zikiwa sawasawa.

Kwenye Kiswahili hakuna herufi inayofanya kazi nyingi kama a. Na kwenye kitochi ni miongoni mwa zilizo rahisi kabisa: kitufe cha 2, bonyezo moja! Utadhani aliyetengeneza kitochi alikuwa na jirani wa Magoma.

Hamia kwenye kompyuta ya stesheneri uone mambo yanavyogeuka. Kibodi yake ilipangwa Marekani miaka ya 1870 kwa ajili ya mashine za kuandikia, na hiyo a yetu ikaangukia kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu! Wakati huohuo q na x, ambazo Kiswahili sanifu hakina kazi nazo, zina nafasi zao safi kabisa. Ukimwona kijana anapapasa barua ya maombi ya kazi kwa vidole viwili, usimcheke.

Ule mtindo wa kitochi kukukisia neno unaitwa T9, maana yake maandishi kwa vitufe tisa. Chanzo chake ni kazi ya kuwasaidia watu wenye ulemavu mkubwa, waliokuwa wakiandika kwa kuelekeza macho tu. Kilichobuniwa kwa ajili ya wachache kikaja kusaidia dunia nzima.

Kwa nini meseji moja ina herufi 160? Mwaka 1985 Mjerumani Friedhelm Hillebrand alikaa na mashine ya kuandikia mjini Bonn, akaandika sentensi za kawaida, maswali na salamu, akahesabu herufi. Karibu zote ziliishia chini ya 160, akasema hizo zinatosha! Miaka 7 baadaye, tarehe 3 Desemba 1992, meseji ya kwanza duniani ikatumwa Uingereza kutakia heri ya Krismasi.

Andika herufi 161 uone. Zinakatwa kuwa meseji mbili, na unalipa mbili. Herufi moja tu!

Na hiyo ni nafuu. Weka emoji moja, kauso kamoja tu kanacheka, na nafasi yako inashuka kutoka 160 hadi 70. Herufi za kawaida zinabanwa vizuri ndani ya meseji, lakini emoji ikiingia kila herufi inalazimika kuchukua nafasi kubwa. Kucheka kwa meseji kuna gharama, ndugu yangu.

Kiswahili chetu kina bahati hapo. Herufi zake zote, hata ile ng' yenye kistari chake juu, zinaenea kwenye 160. Anayeandika Kiarabu anapewa 70 tangu neno la kwanza.

Kubip je? Kulifanyiwa utafiti kamili! Jonathan Donner alichunguza bip za wafanyabiashara wa Rwanda, akachapisha mwaka 2007 kanuni zake: nani anambip nani, na nani anapaswa kupiga. Wewe kanuni hizo unazijua tangu siku ya kwanza ulipopata laini: mwenye uwezo ndiye anayepiga.

Twende kwenye ile menyu inayofunguka ukianza na nyota 150. Je, wajua haihitaji bando hata la shilingi moja? Haipiti kwenye intaneti kabisa, inapita njia ileile ya kuunganishia simu na mnara. Ndiyo maana kitochi cha elfu ishirini kinatuma hela sawasawa na simu janja ya laki nane.

Kila ukurasa wa menyu hiyo una nafasi ya herufi 182, basi. Ndani yake wamepanga kutuma, kutoa, kulipia umeme, kulipia maji, mikopo na kurudi nyuma. Ndiyo maana maneno yake ni mafupi kama ya mtu anayekimbilia basi Segera.

Na kwa nini hukatika ukiwa katikati? Kwa sababu meseji ina subira lakini menyu haina! Ukizima simu, meseji inakungoja hadi uwashe. Menyu ni mazungumzo ya ana kwa ana: ukinyamaza muda mrefu ukitafuta miwani, mwenzako anaondoka, na wewe unaanza upya kwenye nyota. Mama mtu mzima akishindwa hapo, hajashindwa akili. Kapewa sekunde chache mno.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 unaikumbuka? Nyaya za intaneti zilizolala chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na kwa majirani. Picha uliyokuwa unamtumia mtu wa mtaa wa pili hapo Manundu ilikuwa inategemea waya uliokatika mbali kusini, karibu na Afrika ya Kusini!

M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, ikaingia kwetu mwaka 2008. Sasa sikia linalotuhusu: mwaka 2014 mitandao ya Tanzania ilianza kukubaliana kutumiana hela moja kwa moja, Vodacom akaungana nao 2016. Tulikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa duniani kufanya hivyo. Leo unatuma mtandao hadi mtandao bila hata kufikiria, na mimi hilo naliona la kujivunia kuliko majengo marefu.

Namba ya siri yenye tarakimu 4, nani aliamua ziwe 4? Mke wa mtu! John Shepherd-Barron, aliyebuni mashine ya kutolea fedha iliyozinduliwa London tarehe 27 Juni 1967, alitaka ziwe 6. Mkewe Caroline akamwambia jikoni kwamba yeye anaweza kukumbuka 4 tu. Mjadala ukaisha hapo.

Tarakimu 4 zinatoa namba za siri 10,000. Lakini mwaka 2012 zilipopitiwa namba milioni 3.4 zilizovuja, karibu 11 kati ya kila 100 zilikuwa 1234! Kama nawe umo, nakuomba uinuke hapa ukaibadilishe sasa hivi.

Umeinuka? Haya, ukirudi piga nyota 106 reli. Inakuonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na usiyoitambua unaweza kuikataa. Ukitumiwa meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii", ipeleke kwenda 15040. Nayo nyota, reli, 06, reli inakupa namba ya kifaa chenyewe, tarakimu 15 ambazo hazifanani na za simu nyingine.

Kuna mtandao ambao umewahi kuitwa Mobitel, Buzz, Tigo, na sasa Yas. Mwingine ulikuwa Celtel, ukawa Zain, ukawa Airtel. Babu akikwambia laini yake ni ya Buzz, hajakosea sana. Namba yake inawezekana ni ileile.

Na tangu Machi 2017 unaweza kuhama mtandao ukabaki na namba yako. Kwa hiyo ile kanuni ya kutazama tarakimu za mwanzo ukasema "huyu yuko mtandao fulani" haikupi tena uhakika. Soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha, ndugu yangu, soma jina!

Hebu tuhesabu namba zako. Simu tarakimu 10. Mita ya umeme 11. Kontroo namba ya malipo ya serikali 12. NIDA 20. Tokeni ya LUKU 20. Namba ya siri 4. Jumla tarakimu 77!

Mwaka 1956 George Miller, mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, aliandika kwamba akili ya mtu hushika vitu kama 7 kwa mkupuo, ukizidisha au kupunguza viwili. Ndiyo maana tokeni huandikwa nnenne. Na nane za mwanzo za NIDA huna haja ya kuzihangaikia: ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa.

Umefika LUKU, kaa vizuri, maana hapa nina mengi. Kwanza jina: Lipa Umeme Kadri Unavyotumia. Unalijua? Jaribu kumuuliza mtoto wa darasa la tano hapo jirani uone kama naye analijua.

Je, wajua kwamba kwa kawaida mita yako ya tokeni haijaunganishwa na ofisi yoyote? Haina laini, haina intaneti, haijui umelipa. Habari za malipo yako zinaletwa na kidole chako mwenyewe! Ndani ya zile tarakimu 20 kuna kiasi cha umeme na muda tokeni ilipotolewa, vyote vimefungwa kwa siri ambayo mita yako pekee inaweza kuifungua.

Tokeni yako kwenye mita ya jirani haifanyi kazi. Ileile ukiirudia kwako, mita inaikataa, maana inakumbuka. Ukikosea tarakimu moja tu kati ya 20, zote 20 zimekwenda na maji, na unaanza upya ukiwa umeshika tochi kwa meno.

Mfumo huo ulizaliwa Afrika ya Kusini, na sasa unatumika katika makumi ya nchi. Bara letu liliwafundisha wengine jinsi ya kuuza umeme kwa namba.

Na sasa kubwa lao. Kwa nini mwaka 2024 uliletewa tarakimu 60 badala ya 20? Kwa sababu mita zilikuwa zinakaribia kuishiwa dakika! Saa ya mfumo ilianza kuhesabu dakika tarehe 1 Januari 1993, na ndani ya tokeni kuna nafasi ya dakika 16,777,216 tu. Zilikuwa zinaisha tarehe 24 Novemba 2024.

Siku hiyo ikipita, mita ambayo haijaboreshwa isingepokea tokeni mpya, si Handeni tu, popote pale duniani penye mfumo huo. Kwa hiyo ukapewa seti tatu za tarakimu 20: mbili za kuifundisha mita hesabu mpya, ya tatu ndiyo umeme wako. Ukakosea ya kwanza, ukarudia; ukakosea ya pili, ukaita mtoto wa jirani. Wewe uliyebonyeza zote 60 ulikuwa fundi wa mfumo mzima kwa dakika tano, na hakuna aliyekulipa.

Hesabu mpya inaanzia 2014, na itaisha Novemba 2045. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa tarakimu 60 atakuwa na miaka 21. Mwandikie mahali aje kukumbuka.

Umeme wenyewe je? Hale, hapohapo wilayani Korogwe, kuna bwawa lililoanza kazi 1964 lenye megawati 21. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115. Mtambo mmoja tu unaizidi Hale nzima mara 11!

Lakini Hale ina lake. Jani la mkonge hutoa nyuzi kama asilimia 4 tu ya uzito wake, linalobaki hutupwa. Miaka ya 2000 hapo Hale ukajengwa mtambo wa kugeuza mabaki hayo kuwa gesi, na gesi kuwa umeme. Takataka zikawasha taa!

Tazama soketi ukutani. Pini ya juu ya plagi ya pini tatu ni ndefu kuliko wenzake, na si kwa urembo. Inaingia kwanza ili ifungue vijimlango vilivyofunika matundu mawili ya chini, ambavyo viliwekwa kuwalinda watoto. Kumbe kile kijiti unachochomeka juu ili chaja ya pini mbili iingie, unafungua mlango kwa ufunguo wa bandia! Mtindo huo ni wa Waingereza, wa mwaka 1947. Tafadhali, kijiti hicho kisiwe msumari kamwe.

Waya wa chaja unaoingiza, unakataa, unaugeuza, unakataa, unaugeuza tena unaingia? Ajay Bhatt, mhandisi wa Intel aliyeongoza kuubuni, amekiri kwamba unaudhi. Kuufanya uingie pande zote kungeongeza sana gharama. Aina mpya inayoingia vyovyote ilikuja 2014.

Laini yako imekatwa pembe moja. Unajua kwa nini? Isiingie kinyume! Hiyo ndiyo akili ninayoipenda mimi: kitu kinakuonyesha chenyewe jinsi kinavyotaka kushikwa.

Neno "simu" ni la kale, limetoka Kiajemi, na maana yake ni waya. Laini inayoitwa SIM haina undugu nalo kabisa, majina yamekutana njiani tu. Kwa hiyo simu yako isiyo na waya jina lake ni "waya".

Simu inakwambia 7:00, wewe unasema saa moja. Usihangaike kuhesabu! Tazama saa ya mshale: namba iliyo mkabala na 7 ni 1, mkabala na 11 ni 5. Ukitaka kuamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi basi, weka 5:00. Wapo walioweka 11:00, basi likawaacha.

Kitochi kilipataje jina? Kwa tochi, bila shaka. Nokia 1100 ilitoka mwaka 2003 ikiwa na tochi kichwani na vitufe vilivyofunikwa vumbi lisiingie, ikauzwa zaidi ya milioni 250! Betri yake, BL-5C, bado unaiona leo ndani ya redio ndogo za kichina zinazoimba shambani.

Tecno, itel na Infinix, unazibishania ipi nzuri? Zote ni za kampuni moja, Transsion ya Shenzhen. Ilisoma mapema kwamba sisi tunataka laini mbili ndani ya simu moja, ikatuletea.

Ukipanda Bungu au Vugiri chaji inaisha haraka, na huku hukumpigia mtu. Simu ikikosa mtandao hupaza sauti yake zaidi na zaidi kuutafuta mnara, na kupaza sauti kunakula betri. Iweke kwenye hali ya ndege hadi utakapofika panaposhika.

Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza tarehe 1 Mei 2019, na mwisho ukawa 20 Januari 2020. Je, wajua kazi ya mikono, jembe miaka 40, kukata mkonge, husugua mistari ya vidole hadi mashine isiisome? Mzee anaambiwa "weka tena kidole, weka tena". Kidole kile kimelisha watu, na mashine haikitambui! Hili linaniuma, na nalisema.

Sasa vishikwambi. Kuanzia mwishoni mwa 2017, kwa miezi 15, mkoa wetu wa Tanga, Handeni na Korogwe zikiwemo, ulikuwa uwanja wa shindano la dunia. Karibu watoto 3,000 katika vijiji 170 walipewa vishikwambi ili ionekane kama vinaweza kuwafundisha kusoma, kuandika na kuhesabu bila mwalimu. Lugha? Kiswahili!

Watoto 74 kati ya kila 100 walikuwa hawajawahi kuingia darasani. Zaidi ya 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Na wengi walikuwa hawajawahi kushika kifaa cha namna hiyo maishani mwao.

Vijiji havikuwa na umeme, basi vikawekewa vituo vya kuchajia kwa jua, na akina mama wa kijiji wakavisimamia. Vishikwambi 8,000 vilitolewa na Google, fedha za zawadi, dola milioni 15, zikatolewa na Elon Musk, na UNESCO, WFP na serikali yetu wakasimamia kazi.

Timu karibu 200 za dunia zilijitokeza, zikabaki 5. Kila moja ilipaswa kujibu swali gumu: utamwelezaje mtoto la kubonyeza, wakati hawezi kusoma maelezo? Jibu likawa picha, sauti na kidole. Anagusa, kitu kinaitika, anagusa tena. Ukurasa wa maelekezo hakuna!

Tarehe 15 Mei 2019 washindi wakatangazwa, na wakawa wawili waliolingana: onebillion ya London na Kitkit School, timu yenye makao Berkeley na Seoul. Wakagawana dola milioni 10, tano kwa tano. Mwanzilishi wa Kitkit School, Sooinn Lee, alikuwa mbunifu wa michezo ya kompyuta, na alianza kutengeneza programu za kufundishia baada ya kuzaa mtoto mwenye ulemavu. Programu za timu zote 5 zikaachwa wazi, bure kwa yeyote.

Na watoto wetu? Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza kusoma hata neno ilipungua kwa nusu. Kwa nusu! Kwa kidole, kivulini, kishikwambi kikipita mkono kwa mkono. Nikipita vijiji hivyo sasa nikaona kijana kainamia simu, najiuliza kama naye alikuwa mmoja wao.

Bado simu unayo mkononi? Nimekuwekea la mwisho. Kwenye kitochi, "baba" ni mibonyezo 6, "asante" ni 11, "nakupenda" ni 14. "Mama" ni 4 tu: kitufe cha 6, cha 2, cha 6, cha 2. Andika, na bado una herufi 156 za kuongezea salamu. Mtumie sasa hivi, na emoji usiweke.